Kisanduku cha Nguvu Kilibaki Tupu

Barua zenu nimezisoma. Yule wa Nanyuki aliyeniita mwanamke mwenye wivu, nimekusikia. Yule wa Garissa aliyesema mume wangu ni mwongo nimwache, nimekusikia pia. Ngojeni kidogo. Leo mtanipa majina mabaya zaidi, na nitayastahili.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Habsa. Marehemu baba yangu na mdogo wake, Ahmednur, walianzisha kampuni ya malori ya Kulmiye hapa Isiolo. Kwenda tunapeleka unga na mabati, kurudi tunabeba mifugo ya Biliqo na Merti. Baba alipofariki, sehemu yake iliandikwa kwa jina langu, lakini mwenye sauti akawa baba mdogo, ambaye kwetu tunamwita adeer. Mimi kazi yangu ilikuwa taipureta. Nikaolewa na Dadacha, dereva wetu, Mborana wa Biliqo, huku ukoo mzima ukinitafutia mtu wa kabila letu.

Mwaka huo wa 1985 mvua ilikuwa imerudi na wafugaji walikuwa wakiuza na kununua tena. Niliwaeleza wiki iliyopita jinsi malori mapya ya Mama Kagure, mshindani wetu, yalivyofika Biliqo mbele yetu mara mbili, siku ileile, kwa familia zilezile, utadhani walisomewa orodha yetu. Adeer akasema ndani ya kampuni kuna panya. Akamleta mtaalamu.

Mtaalamu aliitwa Kaberia. Alivaa tai kwenye jua letu bila kulegeza fundo, kwa hiyo nilimshuku tangu salamu.

"Mimi sitafuti panya," alituambia. "Mimi napima afya ya kampuni."

Alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ghala, akachora msalaba. Vikatokea visanduku vinne.

"Huku juu ni ndani ya kampuni. Nguvu, na udhaifu. Huku chini ni nje. Nafasi, na hatari. Tukijaza vyote vinne, tutajua tuelekee wapi miaka mitano ijayo."

"Miaka mitano?" aliuliza Tadicha, fundi wetu. "Hii lori ya tatu haijui kama itafika Ijumaa."

Madereva walicheka. Kaberia naye akacheka, akanipa kalamu.

"Vizuri sana. Huo ni udhaifu. Andika, dada."

Udhaifu walimpa mpaka karatasi ikakosa nafasi. Breki zinalia. Springi zimefungwa kwa waya. Tairi ni viraka vitupu. Tadicha alisema injini ya Dadacha ni mzoga unaotembea, na Dadacha mwenyewe akaitikia kwa kichwa.

Hatari pia zilijaa: mto kufurika pale Gotu, karantini ya mifugo, majambazi, malori mapya ya Mama Kagure. Kwenye nafasi, mmoja alisema mvua imerudi. Mwingine akamkatiza.

"Nafasi ni ya Mungu. Wewe unaandika ya Mungu na kalamu?"

Kikabaki kisanduku cha nguvu.

"Haya, nguvu," Kaberia alisema. "Kitu gani nyinyi mnacho, na Mama Kagure hana?"

Madereva walianza kukung'uta vumbi kwenye suruali zao.

"Hata kimoja?"

"Hakuna," alisema Tadicha.

"Dadacha, wewe ndiye dereva mkubwa. Wazee wa Biliqo wanakupa mifugo yao kwa nini?"

"Labda wamekosa lori ingine."

"Wanakuamini?"

"Aah. Watu tu."

Uongo mtupu! Wazee wale walikuwa tayari kukaa na mbuzi wao juani siku mbili wakimngoja Dadacha, huku lori jingine limesimama tupu mbele yao. Wakati wa kiangazi alikuwa akiwapelekea mapipa ya maji bila kuombwa na mtu. Kampuni yetu ilikuwa imesimama juu ya jina lake, na kila mtu mle ghalani alilijua hilo.

Lakini ninyi wa huku kwetu mnaelewa. Mwenye mifugo humuulizi anayo mingapi, na ukimuuliza atakwambia viko vidogo tu, vimekonda. Ndama hasifiwi kabla ya kutajwa Mungu. Sasa uje na tai, uwaambie watu wasimame mbele ya mgeni, wataje kizuri chao kimoja kimoja, kisha ukigongomelee ukutani wapita njia wakione! Huko ni kuita jicho baya. Kadiri kitu kinavyokuwa kizuri, ndivyo "hakuna" inavyotoka haraka.

Kaberia alitoka kwenye mashamba, ambako mtu hukuonyesha mpaka wa shamba lake kabla hujakaa. Hakujua. Mimi nilijua. Adeer alijua pia, maana amekunywa chai na wafugaji maisha yake yote. Nilimtazama nikidhani atamweleza mgeni. Alikuwa akitazama dari.

Ningeweza kusema sentensi moja tu. Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu ya Ngaremara.

Mnakumbuka Tadicha alivyoponyokwa na neno mbele yangu, kwamba Dadacha kila safari husimama Ngaremara saa nzima. Ngaremara hatupakii mzigo. Hana ndugu pale. Nilikuwa nimekaa na neno hilo wiki tatu, nikilichokonoa kama jino bovu, na nilikuwa nimeshampa huyo mke mwenzangu jina, sura, na hata rangi ya leso.

Mchana huo nilimwekea Dadacha chakula, nikauliza.

"Ngaremara una nini?"

"Hakuna."

"Kila safari unasimama."

"Napoesha injini."

"Injini inapoa kwa nani?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Na wewe, Habsa? Uko na kitu unataka kuniambia?"

"Mimi? Mimi nina nini cha kusema?"

"Basi hakuna," alisema. "Tule."

Ningekuwa na akili, swali lile lingenisimamisha. Lakini mwenye wivu husikia sauti yake tu. Nilijiambia: mwizi hodari ni yule anayekuuliza wewe umeficha nini.

Kesho yake, Jumanne, Kaberia alitandika karatasi yake juu ya meza ya adeer. Nilikuwa kwenye kiti changu, nyuma ya taipureta.

"Mzee, nisikufiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Udhaifu kumi na nane, hatari kumi na moja, nguvu hakuna hata moja. Na waliosema ni watu wako wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba kampuni iuzwe ingali na magurudumu."

Adeer alishusha pumzi, kama mtu aliyeumia.

"Na huyo panya?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Jiulize orodha ya kupakia inapita mikononi mwa nani."

Orodha hiyo nilikuwa naipiga mimi kila Jumatano: familia gani ina mifugo, wapi, siku gani. Nakala ya juu, ya wino mweusi, anapewa Dadacha. Ya chini, ya kaboni, inaingia kwenye droo ya adeer, na ufunguo wa droo ile anatembea nao mwenyewe.

"Dereva peke yake," adeer alisema.

Nami nikaitikia. Nani anamhesabu mwenye duka anapotafuta mwizi wa duka?

"Habsa," adeer aliniita kwa upole. "Bwana yako akitoka Biliqo, anasimama wapi?"

Neno "sijui" lilikuwa pale pale ulimini. Nikalimeza.

"Ngaremara," nikasema. "Saa nzima. Na hataki kusema kwa nani."

Adeer alimtazama Kaberia.

"Malori ya Kagure pia hutia maji Ngaremara."

Ikawa imekwisha. Barua ya kumfukuza mume wangu niliipiga mimi mwenyewe, kwa mashine yangu, ile ambayo herufi ya K huruka juu ya mstari. Chini nikaweka sahihi yangu kwa niaba ya kampuni. Nitawaambia ukweli: niliona utamu. Nilisema moyoni, na aende sasa akapoze injini.

Jumatano asubuhi, Dadacha akiwa hajaitwa ofisini bado, nilimwomba Tadicha anipeleke Ngaremara kwa pikapu. Nilitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu.

"Usiende," Tadicha alisema.

"Kwa hiyo yupo?"

"Mimi sijui kitu. Nasema tu usiende."

Tukaenda.

Tadicha alisimama kwenye boma la miiba, mbali kidogo na barabara. Akatoka mwanamume Mturkana mwenye mvi, amevaa koti la jeshi.

"Ejok," alinisalimu. "Mimi Ekai. Wewe ni Habsa."

"Umenijuaje?"

"Dadacha anasema bibi yake anatembea kama mtu anakuja kupigana."

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

Nilimpita, nikaingia bomani. Hakukuwa na leso. Hakukuwa na mke mwenzangu. Kulikuwa na mitamba, wekundu, ngozi inang'aa, na kila mmoja sikioni alikuwa na alama ya ukoo wa marehemu baba yangu. Si alama ya kina Dadacha. Yetu.

"Mmoja, wawili, watatu..."

"Wacha, mama!" Ekai alinishika mkono. "Usihesabu!"

"Ni ya nani?"

"Yako. Mimi naambiwa mtu akiuliza niseme hapa hakuna kitu. Lakini wewe ni mwenyewe, nitakuficha namna gani?"

"Kwa nini anifiche mimi?"

Ekai alimtazama Tadicha. Tadicha alikuwa akitazama viatu vyake.

"Dadacha anasema iko siku mzee wa kampuni atajua ni wewe. Watu yako watakufukuza. Siku hiyo utataka maziwa."

"Atajua ni mimi nini?"

Ekai aliingia ndani ya nyumba, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dereva ya Kagure ilisahau hii kwa hoteli ya chai, Biliqo. Ilikuwa chini ya kikombe. Dadacha aliokota. Akaniambia, Ekai, hii mashine ni ya bibi yangu. Weka, mtu asione."

Niliifungua. Ilikuwa orodha yetu, ya safari ya miezi miwili iliyopita. Familia zetu, siku zetu. Na kila penye K, K imeruka juu ya mstari.

Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe na nguo yangu ya kutokea. Wiki tatu mimi namshuku yeye. Miezi miwili yeye ananishuku mimi. Lakini tazameni tofauti! Mimi shuku yangu niliipeleka kwa adeer, nikaitia sahihi. Yeye yake aliifungia kwenye mkebe, kisha akaanza kununua mitamba kwa jina langu ili nisilale njaa. Na siku ile ya chakula alikuwa akinipa mlango niseme, anisamehe. Nililia pale mbele ya wanyama na wanaume wawili, bila aibu.

Tadicha ndiye aliyeinama akachukua karatasi.

"Habsa. Hii ni buluu."

"Nini?"

"Wino ya karatasi ya Dadacha siku zote ni nyeusi. Mimi naiona kwa kioo ya lori. Hii ni buluu."

Nikanyamaza kulia.

Kaboni. Ya droo. Ya yule aliyekuwa akitazama dari wakati madereva wanasema hakuna.

Yote yakashuka pamoja kichwani. Adeer hangeweza kuuza kampuni bila sahihi yangu, maana nusu ni ya baba yangu, na kila aliponigusia nilikataa. Kwa hiyo ilimbidi kampuni idhoofike mbele ya macho yangu. Safari mbili zipotee. Aje mtu msomi, aandike ukutani kwamba hatuna nguvu. Na ile nguvu moja tuliyokuwa nayo, mtu ambaye Biliqo inamngoja juani, aondolewe. Kwa mkono wangu.

"Saa ngapi?" nilimuuliza Tadicha.

"Inakaribia saa saba."

"Barua ya kumfukuza, yenye sahihi yangu, alikuwa apewe saa nne."

Tadicha alikanyaga mafuta mpaka Isiolo. Pale getini nilimshika Tadicha bega.

"Malori yanaondoka saa nane kwenda kuingia msafara wa ulinzi?"

"Ndiyo."

"Nenda kwa madereva. Waambie umeona nini, na rangi gani. Wakiniamini, saa nane lori hata moja lisiwashwe. Adeer anaogopa kitu kimoja tu, yadi iliyonyamaza."

"Na wasipokuamini? Ile barua ilikuwa na sahihi yako, Habsa. Wote wameiona sasa."

Niliifunga karatasi kwenye pindo la shali, nikaingia ofisini.

Adeer alikuwa mezani. Kaberia alisimama dirishani. Juu ya meza kulikuwa na funguo, na nilizijua kwa kile kipande cha ngozi nilichokishona mwenyewe. Funguo za lori la Dadacha.

"Kaa, binti yangu," adeer alisema.

"Dadacha yuko wapi?"

"Kituoni."

"Kituo gani?"

"Cha polisi. Habsa, kaa. Amekubali mwenyewe. Nilimsomea barua, akaomba aione. Akatazama chini, pale kwa sahihi yako. Akaniuliza, mzee, Habsa anashukiwa kwa lolote? Nikamwambia bado. Ndio akasema, basi ni mimi. Mimi ndio nilimpa Kagure orodha, Habsa hajui. Hata hakubisha, walaahi. Ameandika na kutia sahihi."

Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa ameiona sahihi yangu chini ya barua yake ya kufukuzwa, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa kuniokoa mimi.

Adeer alisukuma karatasi nyingine mbele yangu, imepigwa chapa vizuri, na K zake zote zimekaa sawa. Haikutoka kwenye mashine yangu.

"Hii ni ya kumwuzia Mama Kagure kampuni. Weka sahihi, nami nitakwenda kituoni kusema ni mambo ya nyumbani, tumepatana. Kabla ya magharibi utakuwa naye. Usipoweka..." Alinyoosha mikono yake mitupu. "Mtu amekiri mwenyewe. Mimi nifanye nini?"

Nilifungua pindo la shali. Nilikunjua ile nakala ya buluu, nikaiweka juu ya ile nyingine.

"Adeer, hii imetoka droo gani?"

Uso wake haukubadilika. Ni mkono tu, ulioshuka taratibu ukapapasa mfuko wenye ufunguo.

Kaberia alitoka dirishani. Aliichukua karatasi, akaisoma mbele, akaigeuza, akamtazama adeer. Halafu akaenda mlangoni, akaufunga, akazungusha ufunguo. Sikujua anamfungia nani, mimi au mzee.

"Dada," alisema, na fundo la tai yake sasa lilikuwa limelegea. "Karatasi hii umemwonyesha nani mwingine?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Nje yadi ilikuwa kimya. Nilimfikiria Tadicha, madereva, na Ekai na mkebe wake. Nilifikiria mitamba ambao sikumaliza kuwahesabu.

"Hakuna," nikasema.

Tukangoja, watu watatu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Saa nane ikafika. Ikapita dakika moja. Mbili. Madereva wameniamini, nikajiambia.

Ndipo nje injini moja ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka.

Kile kikohozi nakijua hata usingizini. Lilikuwa lori la Dadacha, na funguo zake zilikuwa mezani mbele yangu. Aliyeliwasha mtamjua wiki ijayo.